Chumvi na Sukari Katika Maji ya Mtoto Anayehara

Mama, chukua sahani mbili ndogo. Katika moja tia kijiko cha chumvi laini, katika nyingine tia kijiko cha sukari. Sasa tazama. Zote mbili ni nyeupe, zote mbili ni punje ndogo, zote mbili zinayeyuka katika maji. Macho hayawezi kuzitenganisha vizuri. Ulimi tu ndio unasema: hii ni chumvi, hii ni sukari.

Moto pia unajua kuzitenganisha. Weka sukari kidogo katika sufuria ya zamani, juu ya makala, na watoto wakae mbali. Baada ya dakika chache inalainika, inakuwa kama asali, halafu inatoa moshi, na mwisho inageuka nyeusi. Ile nyeusi ni kaboni, kitu kilekile kilicho ndani ya makala yako. Osha sufuria, ikauke vizuri, tia chumvi. Itapasuka-pasuka kidogo, lakini itabaki nyeupe. Chumvi inangoja moto wa digrii 801 kabla ya kuyeyuka. Sufuria ya aluminiamu inayeyuka kwa digrii 660. Basi sufuria itakwisha kabla ya chumvi!

Sababu yake ni hii: sukari na chumvi hazikufungwa kwa kamba moja.

Kila kitu kimejengwa kwa vipande vidogo sana vinavyoitwa atomu. Katika chumvi ya jikoni kuna atomu za namna mbili, sodiumu na klori. Sodiumu peke yake ni kitu kikali: ukiitupa majini inawaka. Klori peke yake ni hewa ya sumu. Lakini zikikutana, sodiumu inampa klori chembe moja ndogo, jina lake elektroni. Aliyetoa na aliyepokea wanabaki na nguvu mbili zinazovutana sana, na kila mmoja anaitwa ioni. Punje moja ya chumvi ni ioni nyingi zilizopangwa kama matofali ya nyumba. Wala haiwaki tena, wala haina sumu. Tunaitia katika sombe.

Sukari ni jambo lingine. Ndani yake kuna kaboni, hidrojeni na oksijeni. Hapa hakuna anayetoa na hakuna anayepokea; wanashika zile chembe pamoja, kama mama wawili walionunua kinu kimoja. Kinu si cha huyu wala si cha yule, na hakuna anayeweza kuhama nacho. Mtoto wako anayesoma sekondari atakuambia kwamba kifungo cha chumvi kinaitwa cha ioni, na kile cha sukari kinaitwa cha kovalenti. Kama majina ni magumu, uyaache. Shika tu kwamba ile ya kwanza ni ya kupeana, na ile ya pili ni ya kushirikiana.

Sasa tia zote mbili katika maji. Chumvi inaachana: sodiumu inakwenda upande wake, klori upande wake. Sukari haiachani hivyo. Punje inasambaa, lakini kila kipande kidogo cha sukari kinabaki kizima. Hayo yanaonekana kama maneno ya shule tu. Lakini katika tumbo la mtoto anayehara ni maneno ya uzima na kifo.

Mama wengi wanafika kwenye kliniki na kusema, "Nilimupa maji, lakini hapati nguvu." Na wengine: "Mama mukwe alikataza, alisema mutoto anayehara asinywe kitu, tumbo litafungwa lenyewe." Tumheshimu mama mukwe, lakini neno hili tusilifuate. Mtoto hafi kwa sababu tumbo liko wazi. Anakufa kwa sababu amekauka. Na maji matupu hayatoshi, maana katika kila choo cha maji mtoto anapoteza pia sodiumu, na ndugu yake potasiumu. Bila sodiumu maji hayakai katika damu.

Basi kwa nini tusimpe maji ya chumvi peke yake? Hapa ndipo sukari inaingia. Katika ukuta wa utumbo kuna milango midogo sana. Mlango mmoja ni wa ajabu: unataka sodiumu na sukari zije pamoja, ndipo unafunguka vizuri. Zikiingia, maji yanazifuata. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Robert Crane, alieleza mlango huu mwaka 1960. (Sukari ya jikoni inakatwa kwanza vipande viwili na utumbo wenyewe, na kipande kimoja, glukosi, ndicho kinachopita hapo.) Jambo la kutufurahisha ni kwamba hata sumu ya kolera haiharibu mlango huo. Mtoto anaendelea kuhara, lakini wakati uleule maji yanaingia kwa mlango ule.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi walifika Bangaon, mji wa India karibu na mpaka, na kolera ikawashika. Maji ya sindano yalikwisha. Munganga Dilip Mahalanabis akachanganya chumvi, glukosi na bikarbonati, akaweka katika mapipa, na jamaa za wagonjwa wakawanywesha wenyewe. Kati ya wagonjwa 100 waliokunywa hawakufa hata 4. Sisi wa Kivu tunajua kolera ni nini. Goma haijasahau Julai 1994.

Sasa tufike jikoni. Dawa bora ni sashe ya SRO ambayo tunakupa kliniki. Tangu mwaka 2002 sashe ya litri moja ina gramu 2.6 za chumvi na gramu 13.5 za glukosi, pamoja na potasiumu na kitu kingine kinachoitwa sitrati. Mimina sashe yote katika litri moja ya maji safi, yaliyochemshwa na kupoa. Usigawe sashe kwa macho.

Na hapa sikiliza vizuri, mama, maana kosa hili linaumiza watoto. Chupa kubwa ya bia si litri! Ina sentilitri 72 hivi. Ukitia sashe nzima ndani yake, chumvi inazidi, na chumvi ikizidi katika damu ya mtoto inavuta maji kutoka katika ubongo. Mtoto anaweza kushikwa na degedege. Bidoni ya litri 5 ni kosa la upande mwingine: dawa inakuwa maji tu. Kama nyumbani huna chupa ya litri, leta chupa yako au sufuria yako, nasi tutapima na kukutilia alama ya rangi. Usione haya. Tunapenda kuona chupa nyingi kuliko kuona degedege.

"Na kama sashe haiko?" Tia katika litri moja ya maji safi vijiko vidogo sita vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Kijiko ni cha chai, kilichosawazishwa kwa kisu, bila mlima juu. Koroga mpaka yote imeyeyuka, kisha onja wewe kwanza. Ikipita machozi kwa chumvi, mwaga, anza tena. Usiongeze sukari ili mtoto apende: sukari nyingi inarudisha maji ndani ya utumbo, na kuhara kunazidi.

Chumvi gani? Ile laini ya pakiti. Chumvi ya mawe inadanganya kijiko, lazima itwangwe kwanza. Chumvi ya majivu ambayo wengine wanapikia maharagwe, hapana kabisa katika dawa hii: sehemu kubwa yake ni potasiumu, si sodiumu, na kipimo chake hatukijui. Tena, chumvi ya pakiti imetiwa iodi. Wale wa Idjwi wanajua: tangu miaka ya 1960 wataalamu waliandika habari za rovu katika kisiwa kile, na za watoto waliozaliwa akili ikiwa nzito kwa sababu mama zao walikosa iodi. Nunua ile iliyoandikwa hivyo, na uifunike vizuri; unyevu unapunguza iodi.

Mtoto chini ya miaka 2 apewe nusu ya glasi ndogo kila baada ya choo cha maji, kwa kijiko, polepole. Aliyepita miaka 2 apewe glasi nzima. "Anatapika yote, nitamupa tena ya nini?" Ngoja dakika 10, kisha uanze tena, kijiko kimoja, pumzika, kijiko kimoja. Ziwa lisikatwe hata siku moja. Chakula kisikatwe. Dawa iliyobaki kesho yake saa ileile, mwaga. Omba pia vidonge vya zinki: siku 10 mpaka 14, miligramu 20 kila siku, na 10 kwa mtoto chini ya miezi 6.

Usingoje nyumbani kama macho yameingia ndani, kama ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, kama kuna damu katika choo, kama mtoto hawezi kunywa au analala tu bila kuamka vizuri. Mbebe uje, hata usiku. Kama anaweza kumeza, beba chupa pia, na njiani endelea kumpa kijiko kwa kijiko.