SOMO LA WANACHAMA: USIACHE KIPANDE CHAKO MEZANI



Mwaka jana nilifanya kosa ambalo sitaki mwingine alirudie. Niliingia duka la intaneti karibu na kiwanda, nikafungua barua pepe yenye orodha ya wenzetu waliotaka kujiunga na chama. Nilipomaliza nilifunga dirisha, nikalipa, nikaenda zangu. Mtu aliyeketi baada yangu alifungua ukurasa ule ule, na barua zangu zote zikamtokea bila kuulizwa neno la siri. Bahati njema alikuwa mwanachama, akanipigia simu. Angekuwa nyapara, majina yale yangefika kwa meneja kabla ya jua kutua.

Kuki ni nini?

Programu ya kufungulia kurasa za intaneti huitwa kivinjari. Ukurasa wenyewe haukukumbuki. Kila unapobonyeza, ni kama mgeni anayebisha hodi. Mwaka 1994 Lou Montulli, fundi wa kampuni ya Netscape ya Marekani, alibuni kuki, yaani alama ndogo ya maandishi. Ukurasa huitoa, kivinjari huitunza na kuionyesha kila unaporudi. Katika simu zenye Kiswahili imeandikwa kidakuzi.

Ifananishe na kipande cha enzi za ukoloni. Mfanyakazi hakukiandika yeye, lakini alikibeba, na kwa kipande hicho alijulikana. Kufunga dirisha hakufuti kuki. Kipande chako kinabaki mezani, na ajaye baadaye huingia kwa jina lako.

Kuki ziko za namna mbili. Ya kwanza ni ya mwenye ukurasa, nayo yafaa, maana bila hiyo ungeandika neno la siri kila hatua. Ya pili ni ya mgeni. Kampuni ya matangazo hujipachika katika kurasa nyingi, ikakutambua kila uendako, ikajua umesoma nini na umetafuta nini.

Mambo ya kufanya

1. Katika kompyuta ya watu wengi, toka kwanza kwenye akaunti, ndipo ufunge.
2. Tumia dirisha la faragha. Ukifunga madirisha hayo yote, kuki zake hufutika. Lakini mwenye mtandao bado aweza kujua umetembelea wapi.
3. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi neno la siri, kataa.
4. Fungua mipangilio, sehemu ya faragha, ufute kuki na uzuie za wageni.
5. Ukisahau kutoka, ingia kwa simu yako, uiondoe kompyuta ile katika akaunti, ubadili neno la siri.
6. Kompyuta ya mwajiri ni ya mwajiri. Usifanyie humo kazi ya chama hata ukifuta kuki zote.

Kuchagua kivinjari

Uliza kwanza: mwenye kivinjari anakula wapi? Google, mwenye Chrome, hupata sehemu kubwa ya mapato kwa matangazo. Mwaka 2020 ilitangaza kwamba itaziondoa kuki za wageni. Mwaka 2025 ikasema zitabaki, mtumiaji aamue mwenyewe. Basi anayetumia Chrome azizuie kwa mkono wake. Safari ya Apple imezizuia zote tangu 2020. Firefox iko chini ya wakfu wa Mozilla usiogawa faida, na tangu 2022, katika kompyuta, huziweka kuki za kila ukurasa chungu chake, zisichanganyike. Opera Mini huokoa kifurushi kwa kupitisha kurasa katika mitambo ya kampuni kwanza. Yafaa kwa kusoma habari, si kwa siri za chama.

Maswali ya kujadili tawini

1. Kompyuta ya ofisi yetu inatumiwa na watu wangapi? Nani alifuta kuki mara ya mwisho?
2. Orodha ya wanachama imefunguliwa katika simu za nani?
3. Nani atawafundisha wenzetu wa zamu ya usiku?

Kila katibu wa tawi asome somo hili kwa sauti mkutanoni. Majina ya wenzetu ni amana. Tuyalinde.