Maonyesho Yetu ya Mpiga Picha Jack Cardiff

Muhula uliopita chama chetu cha picha kilipewa ukuta mmoja wa maktaba kiutumie siku ya wazazi. Mwalimu wetu alitutaka tufanye kama wafanyavyo watu wa makumbusho, yaani tuchague mtu mmoja na kuonyesha maisha yake na kazi yake. Mimi nilimtaja Jack Cardiff, Mwingereza aliyekuwa mpiga picha za sinema, kwa kuwa mwaka 1951 alikuja hapa Uganda na Kongo kupiga sinema iitwayo The African Queen. Babu yangu mzaa mama alikuwa mtoto huko Butiaba wakati ule, na kila mara hutuambia kwamba aliwaona watu wale. Basi nilidhani kazi itakuwa nyepesi.

Yafaa kwanza nieleze kazi yenyewe, maana wengi huichanganya. Mwongozaji ndiye awaambiaye waigizaji la kufanya, na katika sinema hii alikuwa John Huston. Mpiga picha mkuu ndiye aamuaye mwanga utoke wapi, uwe mkali au mpole, na kivuli kiangukie uso wa nani. Watazamaji huogopa au huhuzunika wasijue kwamba ni kile kivuli kilichowaingia moyoni. Sasa kazi kama hiyo utaitundikaje ukutani? Hapo ndipo tulipokwama wiki mbili nzima.

Cardiff alizaliwa Great Yarmouth mwaka 1914. Wazazi wake walikuwa watumbuizaji wa majukwaani, wakihamahama mji hata mji, na yeye mwenyewe aliigiza katika sinema tangu utotoni. Mwaka 1936 kampuni ya Technicolor ilitafuta kijana wa kufundishwa kamera yao ya rangi. Alipoulizwa mambo ya ufundi, Cardiff alikiri kwamba hayajui sana. Akaeleza badala yake jinsi wachoraji wa kale kama Rembrandt walivyoutumia mwanga. Akachaguliwa yeye. (Mwalimu wetu wa fizikia aliposoma habari hii ukutani alikohoa kidogo.)

Kamera ile ilikuwa kubwa na nzito mno. Mwanga ulipoingia uligawanywa na mche wa kioo, ukafika kwenye tepe tatu za filamu zilizokwenda pamoja. Ajabu ni kwamba tepe zote tatu zilikuwa za rangi nyeusi na nyeupe tu! Moja ilishika wekundu wa vitu, moja ukijani, na moja ubuluu. Kisha kiwandani zikachapwa kwa rangi juu ya utepe mmoja. Na kwa kuwa mwanga uligawanywa, ilibidi uwe mwingi sana tangu mwanzo, ndiyo sababu taa za studio zilikuwa kali na zenye joto jingi.

Ukitaka kulifahamu jambo hili, weka mezani nyanya mbivu na jani la mgomba, kisha uvitazame kupitia karatasi nyekundu inayopitisha mwanga. Nyanya itang'aa kama kitu cheupe, na jani litakuwa jeusi. Ukitumia karatasi ya kijani, mambo yatageuka. Tuliweka meza hiyo mbele ya ukuta, na wazazi waliipenda kuliko picha zetu zote.

Mwaka 1947 ilitoka Black Narcissus, sinema aliyoipiga Cardiff. Hadithi yake ni ya milima ya Himalaya, lakini sehemu kubwa ilipigwa studio ya Pinewood karibu na London, na milima mingine ilichorwa juu ya kioo. Alfajiri na magharibi alizitengeneza kwa taa. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Oscar. Miaka minne baadaye akaja kwetu, ambako jua halikupokea amri yake. Watu wengi wa msafara waliugua tumbo, hata Katharine Hepburn. Huston na Humphrey Bogart walisalimika, na yasemekana ni kwa sababu walikunywa wiski badala ya maji. Matukio ya waigizaji kuingia majini yalipigwa katika tangi huko London, kwa kuogopa magonjwa ya mtoni. Kwa hiyo uonapo mto katika sinema ile, sehemu yake ni yetu na sehemu yake ni ya tangi.

Tulipokuwa karibu kumaliza, dada mmoja wa chama chetu aliuliza: "Watu wa Butiaba wako wapi?" Tukatazama ukuta. Tulikuwa tumeandika juu ya nyota wa sinema, kamera na maradhi, lakini hatukuwa na jina hata moja la waliobeba mizigo na kuvuta kamba. Mimi nilipinga, nikisema maonyesho ni ya Cardiff. Tulibishana hata mwalimu akatuzima taa.

Jumamosi nilikwenda kwa babu. Nilimwuliza hasa aliona nini. "Mjukuu wangu," akasema, "niliona watu wazima wamekaa kimya, wote wanatazama juu. Sisi watoto tulidhani wanaogopa mvua. Kumbe wanangoja wingu lipite." Nilicheka, kisha nikatoa daftari upesi, kwa maana hiyo ndiyo kazi ya Cardiff niliyoshindwa kuitundika. Halafu babu akanitajia majina ya watu watano wa kijijini kwao waliobeba mizigo.

Maneno yake tuliyaweka juu kabisa, na yale majina matano chini ya picha ya mashua, kwa herufi sawa na za jina la Cardiff. Upande wa mwisho tuliandika kwamba mwaka 2001 alipewa Oscar ya heshima, wa kwanza katika ufundi wake kuipata, na kwamba alifariki mwaka 2009.

Babu alikuja siku ya wazazi amevaa koti. Meza ya nyanya aliipita. Alisoma yale majina matano kwa sauti, akaniomba kalamu, akasahihisha moja.