Maoni ya Wafanyabiashara na Sauti ya Mtumiaji katika Bei ya Mafuta

Mkazi wa Kasingirima, awe dereva wa bodaboda au mvuvi mwenye mtumbwi wa injini, hutumia mafuta yaliyopokelewa bandarini katika pwani ya Bahari ya Hindi na kusafirishwa hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika. Ndiyo sababu lita moja mjini Kigoma huuzwa ghali kuliko Dar es Salaam.

Bei kikomo hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Hujumuisha gharama ya mafuta katika soko la dunia na usafirishaji wake hadi bandarini, kodi na tozo za Serikali, faida ya wauzaji wa jumla na rejareja, pamoja na gharama ya kuyafikisha wilayani. Muuzaji yuko huru kuuza chini ya kikomo, haruhusiwi kukivuka.

Maoni hutolewa wapi?

Sheria ya EWURA, Sura ya 414, inaitaka Mamlaka kufanya taftishi kabla ya kutumia uwezo wake wa kudhibiti bei na tozo. Hapo wafanyabiashara hueleza gharama zao: mishahara, umeme, riba za mikopo na mafuta yanayopotea kwa mvuke. Hoja hizo zina uzito, kwani kituo kinachopata hasara hufungwa, na vituo vikipungua ushindani nao hupungua.

Hata hivyo, kutoa maoni ni tofauti na kugoma kuuza. Agosti 2011, baada ya bei kushushwa, baadhi ya kampuni zilisitisha mauzo. Mamlaka ilichukua hatua za kisheria, lakini aliyesimama foleni bila mafuta alikuwa mtumiaji.

Piga hesabu yako

Tuchukulie kwamba wafanyabiashara wanaomba nyongeza ya shilingi 20 kwa lita. Mvuvi anayetumia lita 25 kwa usiku, kwa siku 20 za mwezi, hutumia lita 500. Nyongeza hiyo itamgharimu shilingi 10,000 kila mwezi, sawa na shilingi 120,000 kwa mwaka. Hesabu ya namna hii ina nguvu kuliko kusema tu kwamba maisha ni magumu.

Mambo ya kuzingatia

1. Linganisha bei iliyo kwenye bango la kituo na bei kikomo ya wilaya yako.
2. Dai stakabadhi kila ununuapo, na uitunze.
3. Andika lita unazotumia kwa mwezi.
4. Taftishi inapotangazwa, wasilisha maoni yako mwenyewe au kupitia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA CCC).

Mdhibiti hupima hoja zilizowekwa mbele yake. Mtumiaji asipofika, gharama za muuzaji zitajulikana kwa kina, na zake hazitajulikana.