Bushi Chakavu: Somo Nililolipata Chini ya Gari

Wengi hudhani Kiswahili ni cha mashairi na insha peke yake. Leo nataka tukivalishe ovaroli. Somo letu ni kitu kidogo kisichozidi ngumi: bushi ya gari.

BUSHI NI NINI?
Ni bomba mbili fupi za chuma, moja ndani ya nyingine, na katikati yake mpira. Hukaa pale mkono unaoshika gurudumu unapoungana na mwili wa gari. Mpira hupunguza mtikisiko, na pia huliweka gurudumu lielekee panapotakiwa.

Hata magari ya mbio huzitegemea. Datsun 240Z, gari la michezo la milango miwili, lilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Dereva wa 1973 alikuwa Shekhar Mehta, ambaye baadaye alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Gari hilo lilitoka kiwandani na bushi za mpira, sawa na gari la mjomba wangu hapa Tseikuru!

DALILI
Gari la mjomba lilianza kugonga "kong, kong" kila tukivuka korongo. Akishika breki, linavuta upande. Tairi la mbele likaliwa ubavu mmoja. Tulilipeleka kwa fundi fulani, akaweka bushi mpya, tukafurahi. Haikupita miezi mitatu, kelele zikarudi. Siku moja mjomba alishika breki kwa ghafla kukwepa mbuzi, gari likaenda kando, likasimama hatua chache tu kutoka mtaroni. Ndani tulikuwa watano, na nyanya yangu mmojawapo.

Tulienda kwa fundi mwingine, mzee wa makamo. Akaangalia chini, akacheka kidogo. "Kijana, hii bushi si mbaya. Ilikazwa ikiwa hewani."

HATUA
1. Egesha mahali tambarare, weka mawe kwenye magurudumu ya nyuma. Inua kwa jeki, kisha weka stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

2. Toa gurudumu, fungua boliti za mkono. Boliti yenye kutu ipakwe mafuta, ipewe muda.

3. Sukuma bushi kuukuu itoke kwa presi, au kwa jiliwa na kipande cha bomba. Usiichome moto, kwani moshi wa mpira ni sumu.

4. Safisha tundu. Angalia ya zamani ilielekea wapi, kisha ingiza mpya. Ikikataa, paka maji ya sabuni, wala si grisi ya kawaida, maana hiyo huvimbisha mpira.

5. Rudisha mkono, lakini boliti zizungushwe zishike kidogo tu. Rudisha gurudumu, shusha gari chini, litikise mara mbili tatu. SASA ndipo ukaze kabisa.

6. Badilisha pande zote mbili, kisha gari lipimwe alaimenti.

KWA NINI HATUA YA TANO?
Boliti ikikazwa, bomba la ndani haligeuki tena. Mkono ukipanda au kushuka, ni mpira unaojisokota. Ukikaza gurudumu likining'inia, gari likishushwa mpira unabaki umesokotwa mchana na usiku, hata gari likiwa limeegeshwa. Halafu barabara ya mawe inausokota zaidi. Mwishowe unapasuka. Jaribu: shika kitambaa, kisokote, kisha uendelee kukivuta. Kitadumu?

MWISHO
Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mimi nimejifunza kwamba hata kuziba ufa kuna namna yake. Fundi wa kwanza hakutuibia. Alitumia bushi nzuri na nguvu zake zote. Alikosa tu kujua wakati wa kukaza. Siku hizi nyanya akipanda gari huuliza, "Mmekaza likiwa chini?" Nasi humjibu, "Ndiyo, nyanya."

Zoezi
(a) Taja dalili tatu za bushi chakavu.
(b) Kwa nini grisi ya kawaida haifai?
(c) Mweleze mwenzako hatua ya tano kwa Kiswahili, bila kuchanganya Kiingereza.