KILA KITU NA MAHALI PAKE

1. Chupa moja

Nchi ya Pangi iko mashariki ya Kindu, katika jimbo la Maniema. Ni nchi ya vilima na msitu, na mto Elila unapita humo kwenda kuingia katika Lualaba. Mvua yake ni nyingi. Unyevu huingia katika nguo, katika chumvi, katika mbegu, hata katika vitabu vya shule. Mtu asiyejua kutunza vitu vyake hufanya kazi mara mbili: mara ya kwanza kuvipata, mara ya pili kuvitafuta tena.

Katika kijiji kimoja cha nchi hiyo walikaa baba na mama wenye bidii. Shamba lao la mpunga lilikuwa kubwa, karanga zao zilikuwa nyingi. Nyumba yao ilifagiliwa kila asubuhi. Lakini ndani ya nyumba hiyo hakuna kitu kilichokuwa na mahali pake. Jembe lililala mlangoni. Nguo zililundikana juu ya kitanda. Mbegu za mpunga zilikuwa ndani ya gunia, na gunia liliwekwa chini, juu ya udongo. Vyeti vya watoto vilikuwa chini ya mkeka. Mafuta ya petroli ya kuwashia taa yalitiwa katika chupa ya limonadi, na chupa hiyo ilisimama karibu na mtungi wa maji.

Jioni moja mama alikuwa anatwanga sombe nje. Mtoto mdogo, mwenye miaka mitatu, alirudi kutoka kucheza. Alikuwa na kiu. Akaona chupa ya limonadi, akainywa. Mara akaanza kukohoa, machozi yakamtoka, na kinywa chake kikanuka petroli.

Mama akapiga kelele: “Mwanangu anakufa! Nileteeni mawese, nimnyweshe atapike!”

Dada yake mkubwa, mwanafunzi wa darasa la tano, akamshika mkono. “Mama, tafadhali usimtapishe! Mwalimu alitufundisha. Petroli ikipanda tena kooni huingia katika mapafu. Twende dispansari upesi.”

Wakamvua shati lililolowa petroli, wakamwosha ngozi kwa maji na sabuni, wakampeleka bila kumnywesha kitu. Mganga akamsikiliza kifua, akakaa naye usiku kucha. Mtoto alikohoa na kupata homa, lakini baada ya siku chache alipona. Siku ya kuagana mganga alisema: “Mama, umshukuru binti yako. Kama mngalimtapisha, labda tungalikuwa na msiba. Sasa nendeni mkaitafutie petroli mahali pake.”

2. Kikapu cha wazee

Waliporudi nyumbani, mama aliketi kimya. Ndipo babu, baba yake baba, alipoingia na fimbo yake.

“Karibu, baba,” mama akasema.

“Nimekaribia, mwanangu. Usilie tena; mtoto yu hai. Lakini nisikilizeni wote. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa Bwami. Je, mwajua jinsi wazee wa Bwami walivyotunza vitu vyao?”

Watoto wakasogea karibu.

Bwami ni chama cha zamani cha Walega. Watu walipanda ndani yake daraja kwa daraja, na daraja la juu kabisa liliitwa Kindi. Katika kila daraja walifundishwa kwa methali, kwa ngoma, na kwa vitu: sanamu ndogo za pembe au za mti, vinyago vya uso, vijiko vya pembe, makombe, ngozi na meno ya wanyama. Kila kitu kilikuwa na maneno yake. Vingine vilikuwa mali ya mtu mmoja, navyo alivitunza katika mfuko wake wa begani. Vingine vilikuwa mali ya wote, vikawekwa pamoja katika kikapu kimoja. Mzee aliyekabidhiwa kikapu hicho hakuwa mwenye mali. Alikuwa mlinzi tu. Siku ya mkutano vitu vilitolewa, vikaonyeshwa na kufundishiwa, kisha vikarudishwa.

Tena havikuachwa vichafu. Vilisuguliwa na kupakwa mafuta, kama mtu anavyojipaka mafuta mwilini. Kwa hiyo sanamu za kale za Walega zina rangi nzuri ya asali na zinang’aa. Kwa Kilega neno busoga lina maana ya uzuri na ya wema pamoja. Kitu kilichotunzwa vema ni kizuri, na kitu kizuri hufundisha wema.

Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilikataza Bwami. Vitu vingi vya Walega vilitoka katika nchi yao, na leo vimewekwa mbali, kama katika jumba la makumbusho la Tervuren huko Ubelgiji, na katika makumbusho ya Fowler huko Los Angeles, Marekani. Wataalamu wa nchi nyingi husafiri ili kuvitazama. Lakini uangalifu wa wazee haukuhitaji kabati la kioo. Ulihitaji kikapu, mafuta kidogo, na mlinzi mwaminifu.

“Basi,” babu akamaliza, “wazee hawakuwa na nyumba za matofali, nao walijua kila kitu kiko wapi. Ninyi mna nyumba kubwa kuliko zao, na petroli imekaa pamoja na maji ya kunywa!”

Baba akainamisha kichwa. “Ni kweli, baba. Kesho tutaanza.”

3. Kazi ya siku tatu

Siku ya kwanza walitoa vyote nje, wakavipanga uani mafungu mafungu: vya kulimia, vya kupikia, vya kuvaa, vya kulalia, mbegu, na karatasi. Vilivyovunjika visivyotengenezeka walivitupa. Walipofungua gunia la mpunga walishangaa. Chini ya gunia mbegu zilikuwa zimeota ukungu, nazo zilinuka. Karibu nusu ya mbegu za mwaka ilikuwa imeharibika, na majira ya kupanda yalikuwa yamekaribia.

“Tungalikawia mwezi mmoja zaidi,” baba akasema, “tusingalikuwa na mbegu hata moja.”

Siku ya pili baba na vijana walikwenda msituni, wakarudi na mianzi na kamba za kekele. Juu ya mafiga walijenga uchaga wa mianzi, ili moshi upite katikati yake. Ukutani walifunga rafu mbili na kupigilia vigingi vya kutundikia. Mama na binti zake walisuka vitunga vitatu vyenye vifuniko. Katika kila kimoja walitia mistari myeusi, kila kitunga na mistari yake, ili hata mtoto ajue kipi ni cha nini.

Siku ya tatu walirudisha vitu ndani. Petroli ilitiwa katika kopo lenye kifuniko cha kukaza, likawekwa juu mahali pa kufungwa, ambapo mkono wa mtoto haufiki. Dawa na sumu ya panya ziliwekwa humo pia, kila moja mbali na nyingine. Vyeti vilifungwa katika karatasi ya nailoni, vikatiwa katika sanduku dogo la bati. Panga na majembe yalioshwa, yakakaushwa, yakatundikwa. Mwisho, mama alisafisha kuta na kuzipaka udongo mweupe.

Jirani mmoja alipoingia alisimama mlangoni. “Je, mmenunua vitu vipya?” akauliza.

“Hapana, mama,” binti akajibu. “Ni vile vile. Vimepata mahali pake tu.”

4. Sababu za mambo haya

Watoto, msifanye kazi kama kasuku anayefuata maneno asiyoyaelewa. Tazameni sababu.

Kuinua. Udongo hunyonya maji na kuyatoa polepole. Gunia lililo chini hupata unyevu hata kama paa halivuji. Tena mchwa hutoka ardhini. Kwa hiyo mbegu, nguo na vitabu viwekwe juu ya miti au rafu, visiguse ardhi wala ukuta.

Kukausha. Ukungu hauoti penye ukavu. Joto na moshi wa mafiga hukausha mbegu, na moshi huwafukuza wadudu. Hii ndiyo sababu ya uchaga wa juu ya moto. Lakini usiweke huko nguo wala petroli: nguo zitanuka moshi, petroli itawaka.

Kufunika. Panya, mende na wadudu wa nafaka wanahitaji njia ya kuingia. Chombo chenye kifuniko kizuri huwazuia. Mbegu kavu zikijazwa hadi juu katika chombo kisichopitisha hewa, wadudu waliomo hukosa hewa na kufa. Lakini mbegu zenye unyevu zikifungwa hivyo huoza.

Kutenga. Kinachodhuru kisikae na kinacholiwa. Chupa ya kinywaji isitiwe kamwe kitu kingine ila kinywaji. Mtoto mdogo hajui kusoma. Anasoma kwa macho yake umbo la chupa.

Msidhani kwamba ukungu ni jambo dogo. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa muda mfupi. Wataalamu walipochunguza chakula chao, waliona kwamba kilikuwa na karanga zilizoota ukungu. Ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo huharibu ini la mtu pia, na kupika hakuimalizi. Kwa hiyo karanga yenye ukungu au iliyobadilika rangi usiile, wala usimpe kuku. Itupe.

5. Uzuri si wa tajiri tu

Katika mji wa Lamu, kwenye pwani ya Kenya, ziko nyumba za mawe za kale. Kuta zake zina vishimo vilivyojengwa safu kwa safu, navyo huitwa zidaka. Humo wenyeji waliweka vyombo vya kauri kutoka mbali, taa na vitabu. Ukuta mmoja ulifanya kazi mbili: kutunza na kupamba. Katika Unguja watu walitunza nguo zao katika makasha ya mti yenye misumari ya shaba nyeupe na nyekundu.

Watu wa Pangi hawana mawe ya matumbawe. Wana mianzi, kekele, mti na udongo mweupe. Kila nchi hupamba nyumba kwa vitu vyake. Kitunga kilichosukwa vema, kikitundikwa penye mwanga, ni pambo kama sahani ya kauri. Asiye na fedha hawezi kununua kabati, lakini aweza kunyosha rafu. Nyumba iliyopangwa humwambia mgeni: hapa wanakaa watu wanaopendana, kwa kuwa kila mmoja amemfikiria mwenzake atakayekuja gizani kutafuta kitu.

Mtoto yule aliyekunywa petroli alikua. Alipoanza shule, alilijua kopo lile lililokuwa juu, naye aliwaambia wenzake wadogo: “Lile tusiliguse. Lina mahali pake, nasi tuna mahali petu.”

MASWALI

1. Kwa nini mama hakupaswa kumtapisha mtoto? Walifanya nini badala yake?
2. Mzee aliyetunza kikapu cha Bwami alikuwa mwenye mali au mlinzi? Eleza tofauti.
3. Kwa nini mbegu za chini ya gunia ziliharibika kuliko za juu?
4. Taja vitu viwili visivyofaa kuwekwa juu ya moto, na sababu yake.
5. Karanga zenye ukungu zinadhuru nini katika mwili?

KAZI YA MIKONO

Pima ukavu wa mbegu. Chukua chupa safi iliyokauka kabisa. Tia chumvi kavu kidogo, kisha mbegu hadi robo ya chupa. Funga, tikisa vizuri, uiache robo saa. Chumvi ikishikamana na chupa, mbegu zina unyevu, zianike tena. Chumvi isiposhikamana, mbegu ni kavu, zitunze. Kisha nenda nyumbani, tafuta chupa ya petroli au ya dawa iko wapi, umwombe mama au baba mwiweke mahali pake leo, kabla ya jua kuchwa.