UNENE, WEMBAMBA NA ULIMI WA MJI

Katika mambo ambayo watu wa mwambao wetu huyaona madogo, na kumbe si madogo, ni hizi salamu zetu zinazoanzia kwenye mwili wa mtu. Mtu akirudi safari, au akikutana na jamaa yake harusini, kabla hajaulizwa khabari ya wazee wala ya watoto, huambiwa: "Mbona umekonda hivyo, una nini?" Au huambiwa: "Mashaallah, umenenepa, raha zimekukaa!" Na siku hizi limezuka na la kinyume: yule yule aliyekuwa akisifiwa jana kwa kunawiri huambiwa leo na wasichana wa skuli kwamba amekuwa bonge, ajiangalie. Msemaji huondoka akalisahau neno lake. Aliyeambiwa hurudi nalo nyumbani, akasimama nalo mbele ya kioo.

Darsa yetu ya leo yahusu jambo hilo: ni nani aliyepewa haki ya kuupima mwili wa mwenziwe, na kwa kipimo gani.

Tuanze na yale tuyasomayo na kuyapita. Sura ya Hujurat imekataza watu wasichekane, kisha ikawataja wanawake peke yao mara ya pili, ili asije mtu akasema kuwa hayo ni ya wanaume barazani. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwamba Bibi Aisha (r.a.) alimtaja Bibi Safiyya (r.a.) kwa ufupi wa kimo chake. Hakumtukana; alimwashiria tu. Mtume (s.a.w.) akamjulisha kuwa neno lile, lau lingetiwa katika maji ya bahari, lingeyabadilisha. Sisi ambao bahari i mbele ya milango yetu twajua ukubwa wa maji hayo.

Tena iko khabari ya Bibi Sauda (r.a.), nayo imo katika Bukhari na Muslim. Alikuwa mwanamke mzito wa mwili, mwendo wake wa polepole. Usiku wa Muzdalifa aliomba ruhusa atangulie kwenda Mina kabla watu hawajasongamana, naye akaruhusiwa. Hakuambiwa apunguze mwili, wala uzito wake haukufanywa mazungumzo ya msafara. Ulitazamwa kama udhuru wowote mwingine. Na Bibi Aisha baadaye alitamani lau na yeye angeomba ruhusa kama ile. Upande wa pili yuko Abdalla bin Masud (r.a.), ambaye watu walimcheka kwa wembamba wa miundi yake, na Mtume akawaeleza kuwa miundi hiyo siku ya mizani itakuwa mizito kuliko jabali la Uhud.

Na wanaume waisomao darsa hii nawaitazame vizuri khabari ya mbio, iliyopokewa na Abu Daud. Katika safari moja Mtume alishindana mbio na Bibi Aisha, Bibi Aisha akashinda. Muda ukapita, Bibi akaongezeka mwili, wakashindana tena, naye akashindwa. Mtume akacheka, akamwambia kuwa safari hii ni kwa ile ya kwanza. Mke kaongezeka, mume kaona, na kilichotoka ni kicheko cha watu wawili wapendanao. Halikutoka tishio la kuoa mwingine.

Ama sisi, twasifu unene kwa sababu zijulikanazo. Katika zama za ukame na homa, mtu mnene alikuwa mtu aliyeshiba, na aliyeshiba ni mwenye kwao. Mume ambaye mkewe amekonda alionekana kuwa hamlishi. Kitambi cha mwanamume kilihesabiwa pamoja na mali yake. Kisha ulipoingia ukimwi katika miaka ya 1980, kukonda kukawa tuhuma. Mwenye kifua kikuu au kisukari, naye hakufanya lolote la kuonewa haya, akaogopa kupita mbele ya baraza kwa sababu ya shingo yake iliyokonda. Kwa hivyo desturi hii haikuzuka bure, na si uungwana kuwacheka wazee walioifuata. Lakini sababu yake imepungua, na desturi imebaki vile vile. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya nzima mwaka 2014, katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, 33 walikuwa wamepita uzito unaofaa, na waliokonda kupita kiasi walikuwa 9 tu. Anayemwambia kila amwonaye "kula, umekonda" mara nyingi amwambia asiyehitaji kuambiwa.

Basi wako wanaodhani kuwa dawa ni kuigeuza sifa: tuache kuwasifu wanene, tuwasifu wembamba, kama zionyeshavyo picha za sinema na za simu. Jambo hili limekwisha tokea mahali pengine, na matokeo yake yameandikwa. Katika visiwa vya Fiji, bahari ya Pasifiki, watu walikuwa na tabia inayofanana sana na yetu. Mwili mpana ulikuwa dalili kwamba mtu ana jamaa wanaomtunza. Mgeni alihimizwa ale, na aliyekonda aliwatia jamaa zake wasiwasi. Mwaka 1995 televisheni ikaingia katika mkoa wa Nadroga. Anne Becker, daktari wa maradhi ya akili kutoka Marekani, aliwahoji wasichana wa skuli wa huko mwaka huo, kisha akawahoji wengine wa umri ule ule mwaka 1998. Safari ya pili, 74 katika kila 100 walisema kuwa wajiona wanene mno. Na wenye kujitapisha ili wapungue, ambao mwaka 1995 hakuonekana hata mmoja, walikuwa wamefika 11 katika kila 100.

Miaka mitatu tu! Mama zao walikuwa ni wale wale, na chakula cha nyumbani kilikuwa kikipikwa vile vile. Jicho ndilo lililokuja jipya. Na kwao huko lilikuwa sanduku moja sebuleni, watu wote wakilitazama pamoja. Kwetu leo binti ana lake mkononi, hulitazama peke yake usiku, na picha nyingi azionazo humo zimekwisha tengenezwa, kiuno kimebanwa na uso umelainishwa, hata mwenye picha mwenyewe hafanani nayo.

Pengine mtu atauliza: kwani mwili hauna kipimo kabisa, kila mtu na awe atakavyo? La, kipimo kipo, lakini ni cha afya, na wenye kukitumia wajue mipaka yake. Hospitali huchukua uzito wa mtu kwa kilo, zikaugawa kwa urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 64 hupata 25, na hapo ndipo Shirika la Afya Duniani lilipoweka mwanzo wa uzito uliozidi. 30 ni mwanzo wa unene wa maradhi, na chini ya 18.5 ni wembamba wenye upungufu. Asili ya hesabu hii ni Adolphe Quetelet, mtu wa Ubelgiji, mtaalamu wa hisabati na wa elimu ya nyota, katika miaka ya 1830. Yeye alikuwa akitafuta wastani wa umma mzima. Hakukusudia kumhukumu mtu mmoja. Ancel Keys wa Marekani ndiye aliyeipa jina inaloitwa leo, mwaka 1972. Hesabu hii haitofautishi nyama na mafuta. Mchukuzi wa bandarini mwenye mabega huweza kuonekana mnene, na mtu wa dukani mwenye mikono myembamba na tumbo kubwa akaonekana mzima, na huyo wa pili ndiye mwenye khatari, kwa sababu mafuta ya tumboni ndiyo yaletayo kisukari na maradhi ya moyo. Tena mwaka 2004 wataalamu wa Shirika hilo walieleza kuwa watu wa asili ya Asia hupata maradhi haya wakiwa na uzito mdogo zaidi, wakataja 23 kuwa ni pa kuanza kujihadhari. Katika miji yetu, ambamo damu zimechanganyika, si vibaya kulijua hilo.

Atakaye kujua khabari ya mwili wake, basi, na apimwe sukari, shinikizo la damu na kiuno. Hayo ataelezwa na daktari faraghani. Shangazi wa harusini hana mashine hizo.

Na hapa lazima tuseme kweli juu ya nyumba zetu. Twawalaumu wanawake kwa uzito wao, ilhali tumewapa maisha ya kukaa. Kijana wa kiume ana mpira jioni na kuogelea baharini. Dada yake ana jiko na tuktuk ya kumpeleka na kumrudisha. Akina mama wakitoka alfajiri, wamejisitiri, kwenda matembezi ya nusu saa pwani, wako wanaume wa barazani wasemao kuwa ni mapambo ya kisasa. Sijui wamelitoa wapi. Na katika Ramadhani, mwezi ambao tungepumzisha matumbo, twaanza kwa tende na uji, zikafuata kaimati, sambusa, katlesi, viazi vya nazi na tambi, na huyo huyo mwanamke asimame jikoni tangu adhuhuri, kisha Shawwali aambiwe amenenepa.

Lakini lililotufanya tuishike kalamu ni vidonge. Yauzwa katika baadhi ya maduka ya dawa, na hata katika maduka ya vipodozi, vidonge na unga wa kunenepesha. Wanunuzi wengi ni wasichana waliokwisha posewa, na mara nyingine mnunuzi ni mama mtu au somo, ambaye ataka mwari aingie ukumbini amejaa. Dawa mbili ndizo zitumikazo zaidi. Ya kwanza ni siproheptadini, iliyotengenezwa kwa watu wenye mizio, wapigao chafya na kuwashwa. Huleta usingizi na hamu ya kula. Mtu hula akalala, akaongezeka, na akiiacha mwili hurudi ulikokuwa. Ya pili ni deksamethazoni, nayo ni kali. Hospitalini yaponya, na katika mkono wa daktari ni neema. Ikitumiwa kwa kunenepa, haiongezi nyama ya afya: hulimbikiza maji na mafuta usoni na kisogoni, uso ukawa wa mviringo, na mikono na miguu ikakonda. Hupandisha sukari na shinikizo la damu, hulegeza mifupa, huchana ngozi michirizi, na hudhoofisha kinga ya mwili, jeraha dogo likakawia kupona. Bibi harusi asifiwaye ukumbini kwa mashavu yake huenda asifiwa kwa ugonjwa.

Wazazi wa kijana nao wana sehemu yao. Watu huenda kuposa, wakauliza khabari ya dini ya binti na tabia yake, naam, kisha mmoja wao akirudi nyumbani husema, "mtoto mzuri, ila hana mwili." Neno hilo hupita madirishani likafika kwa binti siku ya pili, na siku ya tatu mtu yuko dukani na shilingi zake. Apendaye mwenye mwili na aoe mwenye mwili, na apendaye mwembamba hali kadhalika. Kupenda si haramu, na kumtazama mchumba kabla ya ndoa kumeruhusiwa. Ila binti akikwisha kubaliwa asitiwe katika kazi ya kugeuzwa awe mtu mwingine kwa siku arubaini.

Na kwa dada ambaye amekwisha anza, tuna jambo moja la kumwambia bila lawama. Ikiwa umetumia vidonge hivyo kwa majuma kadhaa, wala hujui ni vya aina gani, usiviache ghafla kwa sababu umeisoma darsa hii. Juu ya mafigo ziko tezi mbili ambazo kwa kawaida huutengenezea mwili kitu kifananacho na deksamethazoni; mtu akiinywa siku nyingi, tezi hizo huacha kazi. Dawa ikikatwa kwa mara moja, mwili hubaki mtupu: kichwa huzunguka, mtu hutapika, nguvu humwisha, shinikizo la damu hushuka, na wako waliokufa kwa hilo. Chukua vidonge vyako, au hiyo karatasi viliyofungiwa, uende hospitali umwonyeshe daktari. Atakupunguzia kidogo kidogo mpaka tezi zirudi kazini. Ukiona haya kwenda peke yako, nenda na mama yako; na mama, ikiwa ndiye aliyevinunua, aseme hivyo hivyo mbele ya daktari, ili dawa ijulikane na siku zake zihesabiwe.