Mmea Gani Unafaa kwa Jaribio la Mwanafunzi?

Mtoto wako akirudi kutoka shuleni na kusema ametakiwa kuchagua mmea wa kufanyia jaribio la sayansi, usimwambie kuwa hayo ni mambo ya mwalimu. Jaribio hilo laweza kukuonyesha, kabla ya masika, kama mbegu zako za akiba ni nzima au zimekufa.

Mmea huchaguliwa kwa kufuata kazi yenyewe na muda uliopo. Mwaka 1971 huko Bamburi, si mbali na Mkomani, Bwana René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji. Alijaribu aina 26, na zilizostahimili ni 3 tu, mvinje na mnazi zikiwamo. Lakini yeye aliweza kungoja miaka. Mwanafunzi ana muhula mmoja. Nazi hukaa miezi kabla ya kuchipua, basi mnazi haumfai.

Sisi twashauri kunde. Kwanza, huota upesi, yaani kwa siku chache tu. Pili, punje zake huonekana vizuri na kuhesabika. Tatu, zinapatikana nyumbani.

Fanyeni hivi:

1. Katika akiba moja, chagueni kunde 100 nzima na 100 zilizotobolewa na wadudu.

2. Tobolea vifuu 20 tundu chini, mjaze udongo wa shamba. Msitumie mchanga wa ufuoni, kwa maana chumvi yake huharibu mbegu.

3. Pandeni kunde 10 katika kila kifuu, kina cha sentimita 2. Vifuu 10 viwe vya kunde nzima na 10 vya zilizotobolewa, na kila kimoja kitiwe alama.

4. Mahali pawe pamoja na maji yawe kipimo kimoja. Tofauti iwe moja tu: yale matundu.

5. Siku ya 8 mtoto ahesabu miche na kuandika daftarini.

Ikiwa kunde nzima zimeota 90 na zilizotobolewa 40, mmeona faida ya kuchambua mbegu. Ikiwa hata zile nzima zimeota chache, usipande akiba hiyo. Tafuta mbegu nyingine mapema, kwani mvua haimngoji mtu.

Tahadhari: mbegu za dukani zilizotiwa dawa zisiliwe kamwe, na mtoto anawe mikono baada ya kuzishika.